Mwenye Lori la Rimoti

Jirani yangu hapa mjini Broken Hill alinunua lori la kuchezea la rimoti lililochakaa, akalitia gia za chuma na mota kali, kila skrubu akiifuta kwanza kwa upindo wa shati. Jumapili hulipeleka kwenye uwanja wa vumbi ambao wenzake wa mchezo huo wameshauhama, akaliendesha polepole, peke yake.

“Mzee, bibi yangu na mkongojo wake angelipita hilo,” nikamtania.

“Likipinduka, nani atalinyanyua? Zamani kila kona ilikuwa na mtu.”

Nikaenda kusimama kwenye kona. Akalifyatua, likaruka, likapinduka, nikaligeuza. Mzunguko uliofuata likapinduka palepale, na uliofuata tena.

“Mzee, kumbe hujui kuendesha.”

“Sijui kabisa,” akajibu. “Usitoke hapo.”