Majibu ya Damu ya Joyness

Mwaka 2004, Nyanjige wa kijiji cha Sapiwi, Bariadi, alikuwa na binti wa miaka mitano, Joyness, ambaye alikuwa hajawahi kutamka neno. Ukimwita hageuki. Jogoo akiwika anaziba masikio na kulia mpaka achoke. Mama mkwe alisema damu ya ukoo wa Nyanjige ni mbovu.

Wakati wa mavuno ya pamba akafika Generoza, daktari mtafiti kutoka Mwanza. Ndiye wa kwanza kumtajia jina la hali ile: usonji. Alikuwa akikusanya damu ya watoto wenye usonji na ya wenzao wasio nao, ailinganishe.

"Itamponya?"

"Hapana, mama Joyness, sitakudanganya. Mwili ukitumia chakula na hewa hutoa taka kali, na una kinga ya kuzizima. Kinga ikizidiwa, taka zinaudhuru. Tunataka kujua kama kwa watoto hawa zinazidi, na kama damu inaweza kutuonyesha."

Muuguzi aliyekuja naye alipomshika mkono Joyness, mtoto alipiga mateke. Nyanjige akaomba amwachie. Akammwagia rundo la pamba mbele yake, na Joyness akaanza kuchambua, safi huku, fifi yenye madoa kule. Alipozama katika kazi yake, mama akamshika mkono wa kushoto taratibu. Sindano ikaingia. Akaguna, akaendelea kuchambua kwa mkono wa kulia.

Miezi ikapita. Siku hizo maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa kila kona Bariadi mjini, na muuzaji mmoja akamwambia Mayunga, baba wa mtoto, kwamba ana vidonge vya kuondoa sumu kwenye damu. Mayunga akachagua ng'ombe wa kuuza.

"Subiri majibu," Nyanjige alimwambia. "Huyo ndiye anayetupa maziwa."

Generoza aliyaleta mwenyewe. "Baadhi ya watoto wenye usonji tumewakuta na kinga pungufu dhidi ya zile taka. Wengi, akiwemo Joyness, hawana tofauti na wenzao."

"Kumbe hana usonji?" Mayunga akauliza, akamweleza na habari ya vidonge vya dukani.

"Anao. Ila haupimwi kwa damu. Na hivyo vidonge, sijaona ushahidi kwamba vinasaidia."

Mama mkwe aliyesimama mlangoni akauliza, "Na damu ya ukoo wa mama yake?"

"Mayu, mama yangu, hakuna damu mbovu hapa."

Bibi akaingia ndani, akarudi na karanga za kuchemsha. Akampa mgeni, kisha akamjazia Nyanjige viganja vyote viwili. Hakuomba radhi, wala Nyanjige hakumdai.

Generoza aliwaachia kadi za picha, ili mtoto aonyeshe anachotaka: kikombe, kitanda, uji. Ilichukua karibu mwaka mzima wa kuonyesha na kurudia. Asubuhi moja Joyness akamletea bibi yake kadi ya uji, akaigonga kwa kidole.

"Ndiyo kwanza umemaliza kula!" bibi akacheka.

Joyness akaigonga tena. Nyanjige, huku akicheka, akabandika sufuria.