Wigi Alilofumua Amuron

Mwaka wa 1974 Amuron alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kusuka nywele kwenye baraza la duka la Zulaika, mtaa wa Burumba mjini Busia. Zulaika aliuza vitenge na kanga. Amuron alitandika mkeka wake kando ya mlango, akapanga kitana cha mti, uzi mweusi na chupa ya mafuta ya nyonyo. Mumewe, Oriokot, alikwenda Jinja kutafuta kazi miaka sita nyuma, na bila shaka aliipata, maana hakurudi.

Amuron alikuwa mtu wa kutaka kujua. Alipokuwa mdogo kwao Angurai aliwahi kufumua kikapu kizima cha bibi yake ili aone mwisho wa ukindu umefichwa wapi. Viboko alivyokula siku hiyo havikumfunza kitu. Hata ukubwani, mteja akishakaa mbele yake, maswali yalianza. Mbona nywele za utosini huota kwa duara? Mbona mwanamke akijifungua, nywele za kwenye paji humtoka? Wateja wengine walicheka, wengine walichoka naye.

"Suka, mama," walimwambia. "Maswali waachie polisi."

Siku hizo upande wa pili wa mpaka, serikali ilikuwa imepiga marufuku nguo fupi na mawigi. Mwanamke aliyeonekana barabarani na nywele za bandia alikuwa amejitafutia matata. Kwa hiyo waliokuwa nayo wakawa wanayaficha, au wanayaleta Kenya. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Teresa, Mteso kama Amuron, aliyefundisha shule ya msingi huko ng'ambo. Kila Jumamosi alivuka na kitambaa kichwani, akaingia nyuma ya pazia la duka, akatoka na wigi jeusi lililojikunja ncha mabegani. Alitembea sokoni, akanywa chai, akasalimia watu. Jioni alimkabidhi Amuron lile wigi ndani ya mkebe wa biskuti, akavuka kurudi kwake.

Kilichomsumbua Amuron ni kwamba katika miezi minne ya kuja kwake hapo alikuwa hajawahi kuona kichwa cha Teresa. Hakikuwahi kutoka wazi mbele yake hata dakika moja.

Jumatatu moja mvua ilinyesha tangu asubuhi na hakukuja mteja. Amuron akafungua mkebe. Alitaka kuona tu. Akaligeuza wigi nje ndani, akakuta safu juu ya safu za nywele zimeshonwa kwenye wavu mwembamba. Safu moja inaanzia wapi? Akavuta uzi. Uzi ukakubali. Akavuta mwingine. Kufika adhuhuri mapaja yake yalikuwa yamejaa nywele.

Zulaika akachungulia. "Amuron! Umechinja paka?"

"Naangalia limeshonwa vipi."

"Ya Rabi. Na la mwalimu!"

Siku tano zilizofuata alishona. Alikuwa fundi wa mikono, lakini wigi lilirudi kama kichwa cha mtu aliyelala upande mmoja. Angeweza kusingizia panya. Zulaika mwenyewe alimshauri aseme panya. Lakini Jumamosi, Teresa alipofika na kuvua viatu vyenye matope mlangoni, Amuron alimpa mkebe na ukweli pamoja.

"Mwalimu, nimelifumua. Nilitaka kujua ndani kukoje."

Teresa akalitazama, akaligeuza. Hasira zilipanda usoni mwake, Amuron akaziona wazi, kisha zikasimama mahali fulani.

"Na umejua?"

"Nimejua."

"Basi nawe niambie na hiki ndani kukoje," Teresa akasema, akavua kitambaa.

Kando ya masikio hapakuwa na unywele hata mmoja. Ngozi ilikuwa imebabuka na kuacha mabaka, na kisogoni vidonda viwili vilikuwa bado vibichi. Nywele zilizobaki zilisimama huku na huku kama mtama uliopitiwa na ndege. Zulaika akashika mdomo. Amuron akasogea karibu.

"Ulipaka nini?"

"Dawa ya kunyoosha. Kuna mama jirani anaichanganya mwenyewe. Aliniambia ikiuma ndiyo inafanya kazi." Teresa akakaa chini kwenye mkeka. "Mwezi wa kumi naenda kuhojiwa, dada. Wanatafuta mwalimu mkuu. Nimefundisha miaka kumi na moja, na walimu wakuu watatu wamenipita hapo shuleni nikiwa nawapangia ratiba. Wigi siwezi kulivaa huko. Kitambaa wataniambia nimekuja kama mtu anayeenda shamba. Nitaingia na kichwa hiki?"

Amuron akainama juu ya vile vidonda. Alikuwa bado anatazama. "Hiyo dawa, niletee kidogo," akasema.

Jumamosi iliyofuata Teresa alileta kichupa. Amuron akamimina matone kwenye kibakuli, akaokota unyoya wa kuku uani akautumbukiza. Wanawake watatu wakainama juu ya kibakuli kama wanaosubiri kitu kianguliwe. Kabla chai haijapoa, unyoya ulikuwa ute. Kikabaki kijiti chake tu, nacho kilipoguswa kikakatika.

"Ni ile kostiki ya kutengenezea sabuni," akasema Zulaika. "Naijua."

Teresa akakisukuma kibakuli mbali. "Nimeipaka miaka mitatu," akasema.

Amuron hakutaka kubahatisha na vidonda. Alifunga mkeka wake siku mbili, akaenda hadi Nangina, hospitali ya misheni, akamsubiri muuguzi mmoja mpaka akapata nafasi, akamwuliza maswali mpaka yule muuguzi akamwuliza kama anatafuta kazi. Alirudi na maagizo: maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kidogo, na asipake chochote mpaka ngozi ijifunge. Halafu akafanya kile ambacho Teresa alikuwa anakiogopa. Akachukua mkasi, akazikata nywele zote zilizobaki.

Alipomaliza, Teresa akaomba kioo. Akajitazama mbele, akajitazama upande.

"Nafanana na baba," akasema kwa mshangao. "Miaka yote hii sikujua."

"Ni vibaya?"

"Sijui bado. Ngoja nizoee."

Miezi mitatu alikuja kila Jumamosi. Vidonda vilifunga. Nywele ziliota upya, laini kwanza kama za mtoto, kisha nzito, isipokuwa sehemu moja nyuma ya sikio la kushoto ambayo haikuota tena. Mwezi wa kumi alikwenda kuhojiwa na nywele fupi zilizochanwa vizuri, na gauni la bluu.

Hakupata. Jumamosi iliyofuata alikuja akaketi mkekani bila kusalimu.

"Hata hawakutazama kichwa," akasema. "Waliniuliza nimeolewa na nani." Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na Zulaika akawaingiza ndani, akafunga mlango wa duka mchana peupe ili Teresa alie vizuri. Alipotulia alijifuta macho. "Nitaomba tena. Safari hii najua wanauliza nini." Kisha akamgeukia Amuron. "Na wewe? Wewe unataka nini?"

Amuron akashtuka. Aliyezoea kuuliza alikuwa hajawahi kuulizwa. Akatazama mikono yake.

"Nataka chumba chenye mlango," akasema polepole. "Na karai kubwa, na kioo kirefu. Watu wakija na vichwa vilivyoungua wasivue kitambaa barazani. Na nataka kuendelea kujua."

Zulaika akakohoa. Nyuma ya duka kulikuwa na stoo iliyojaa maboksi matupu. "Panya watahama," akasema, "ikiwa kweli wapo."

Chumba kilifunguliwa mwezi wa pili, mwaka uliofuata. Wanawake walikuja kutoka Malaba na kutoka ng'ambo, wengine kwa ajili ya kusuka, wengine kwa siri zao za chini ya kitambaa. Amuron aliwaosha wote. Teresa aliomba kazi tena mwaka huo, akanyimwa, akaomba tena, na mwaka wa 1976 akapewa shule ndogo yenye madarasa manne. Siku alipokuja kutoa habari alimkuta Amuron amechoka, ameegemea ukuta.

"Wewe nani anakuosha kichwa?" akamwuliza.

"Mimi? Najiosha."

"Kaa hapa."

Amuron akakataa, akakataa tena, halafu akakaa. Teresa akakunja mikono ya gauni lake, akamwinamisha juu ya karai, akammiminia maji ya vuguvugu kwa birika, taratibu, akapitisha vidole kwenye mizizi ya nywele. Amuron akafumba macho. Alikuwa ameosha mamia ya vichwa.

"Mwalimu," akasema kutoka ndani ya karai, "mbona maji yanasikika hivi masikioni? Kama mtu anaongea chumba cha pili."

"Sijui."

"Na hawakuniambia! Wote hao niliowaosha!"

"Nyamaza kidogo," akasema Teresa, "sabuni itakuingia mdomoni."

Lakini hakunyamaza.