Nafasi ya Karani Eustakio

Mwalimu Teodosia alikuwa na vyeti viwili, saa ya mkononi, na mume karani wa stesheni ya reli, na kwa mambo hayo matatu alijiona ameumaliza mji wa Nachingwea. Mwenyewe ndiye husema hivyo siku hizi, tena kwa kicheko. Wakati ule hakucheka. Wakati ule alipita sokoni na mwavuli wake akisalimia watu kwa kidevu.

Mumewe, Eustakio, alikuwa na starehe moja tu. Hakunywa, hakuvuta, hakukaa vibarazani kusema watu. Kila Jumapili baada ya misa na chakula alivaa kaptula yake ya kaki akaenda kucheza beni, ile ngoma ya gwaride na matarumbeta iliyokolea kambini tangu Wazungu wa mashamba ya karanga walipokusanya vibarua kutoka kila upande. Teodosia hakuwahi kwenda kuitazama. Mwalimu wa kike wa shule ya misheni akasimame kwenye vumbi, katikati ya makelele? Lakini alijua kwamba beni lina vyeo, kuanzia Kingi, mfalme wake, hadi chini kabisa, na hesabu yake aliifanya kama ya ubaoni. Katika watu wale, nani anaandika Kiingereza? Eustakio. Nani anafunga tai siku za kazi? Eustakio. Basi Kingi ni nani?

Hakumwuliza. Mtu hamwulizi mumewe jambo ambalo jibu lake analo tayari. Eustakio aliporudi jioni shati limelowa kutoka mabegani hadi kiunoni, Teodosia alilianika akisema moyoni kwamba kuongoza watu ni kazi ya jasho. Walipokwenda Ruangwa kwa wakwe, alimnong'oneza wifi yake Valentina, "Kaka yako kule ndiye Kingi." Kumnong'oneza Valentina ni sawa na kupiga mbiu. Kuanzia hapo, kila Eustakio aliposhuka kwenye lori nyumbani kwao, wajomba zake walisimama wima wakampigia saluti. Yeye alitabasamu akitazama viatu vyake. Teodosia aliona ni unyenyekevu wa mtu mkubwa.

Mwaka 1954, mwezi wa tano, mvua zilipokuwa zinaisha, homa ilimlaza Eustakio siku nne. Ya tano hakuiona.

Wiki moja kabla ya arobaini, watu wanne walipiga hodi kwa mjane. Alikuwa akiwafahamu wote kwa kazi zao. Saturnini alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa mashamba. Halfani alikuwa mchinjaji wa sokoni. Saburi aliendesha katapila la kung'olea visiki, na masikio yake yalikuwa yameshazoea ngurumo hata akawa anaongea na kila mtu kama aliye ng'ambo ya bonde. Wa nne alikuwa Mwanne, muuza vitumbua. Viti vinne vilikuwepo sebuleni, lakini Teodosia aliwaketisha kwenye benchi.

"Mwalimu, pole tena," alianza Saturnini. "Tumekuja kwa desturi yetu. Unajua kambini, kibarua asipoonekana asubuhi nyapara anaandika kwenye daftari: katoroka. Haulizi zaidi. Na beni letu lilizaliwa kambini. Anayetoka bila kufungiwa nafasi yake huandikwa hivyo hivyo."

"Eustakio hakutoroka. Eustakio yuko makaburini!"

"Tunajua!" akapaza sauti Saburi, vikombe vikatikisika kabatini. "Tulimbeba!"

"Ila daftari halijui," alisema Halfani kwa upole. "Inatakiwa mtu wa nyumbani kwake ashike nafasi yake, azunguke kiwanja mara moja na wenzake. Hapo tunaandika: ametoka kwa heshima. Asipopatikana mtu, linabaki neno la nyapara."

Teodosia na mumewe hawakujaliwa mtoto. Aliliwaza neno lile, katoroka, mbele ya jina la karani aliyewahi kukaa stesheni siku tatu na jino bovu kwa sababu garimoshi lilikuwa limechelewa. Damu ikampanda.

"Nitaishika mimi."

Mwanne akakohoa. "Mwalimu, labda mmoja wa shemeji zako. Maana nafasi yenyewe, unajua, ina..."

"Nafasi ya mume wangu naijua, Bi Mwanne."

Alilisema kwa sauti ile ya kumnyamazisha mtoto wa darasa la pili, na Mwanne akakirudia kikombe chake cha chai. Wanne wale wakatazamana, wakamaliza chai, wakaaga.

Basi Teodosia akaingia kazini. Alimpelekea Isihaka, fundi cherehani wa barazani, kitambaa cheupe kilichokuwa kimetunzwa kwa ajili ya Pasaka, akataka gauni la mikono mirefu, na utepe wa dhahabu mabegani.

"Nyeupe?" aliuliza Isihaka, naye alipiga tarumbeta katika beni lile lile. "Mwalimu, kwa kazi ile utaharibu nguo."

"Vumbi litafuliwa, fundi. Wewe shona."

Kisha akaandika barua Ruangwa kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, akiualika ukoo mzima uje kumwona akishika nafasi ya ndugu yao. Ukoo hauhitaji kualikwa mara mbili. Walikuja tisa kwenye lori la mihogo, Valentina akiwa mbele karibu na dereva, akieleza njia nzima kwamba leo wifi yake anakuwa Kingi.

Jumapili ile kiwanja kilijaa. Teodosia alikwenda moja kwa moja mbele ya safu, gauni linang'aa, kidevu juu. Hapo alimkuta Saturnini amevaa koti lenye medali za vizibo vya chupa.

"Bwana Saturnini, umesimama mahali pangu."

"Hapa?" Saturnini alitazama miguu yake kama aliyekanyaga ndoo ya mtu. "Hapa, Mwalimu, ni pangu. Mimi ndiye Kingi."

"Na Eustakio?"

Saturnini akamtazama Saburi, ambaye ni Jenerali. Saburi akainamia kamba za ngoma yake. Mwanne ndiye aliyemshika mjane mkono. Alikuwa Kwini, na taji la karatasi kichwani. Alimpitisha mbele ya Halfani, Dakitari mwenye mkoba wa mbao, akampitisha mbele ya makapteni na masajini, vibarua na wafagizi wote, mpaka mkia wa safu ulipokwisha. Hapo palikuwa na debe la maji na kopo.

"Hapa ndipo pake, Mwalimu. Kuruta. Kazi yake kuwabebea wenzake maji."

"Karani wa stesheni?"

"Jumatatu, karani. Jumapili, kuruta. Cheo hapa kinatolewa na miguu. Kila Krismasi na kila Idi tulimpima. Sisi tukienda kushoto, yeye kulia. Miaka sita! Hata Saburi alimpigia ngoma sikioni, wapi."

Teodosia akayakumbuka yale mashati yaliyolowa, jinsi alivyoyaanika kwa heshima kama bendera. Mwenyewe husema kwamba katika maisha yake amesahihisha maelfu ya hesabu, lakini hakuna aliyewahi kukosea moja kwa miaka sita mfululizo kama yeye.

Nyuma yake, sauti ya Valentina ilikuwa imeshapanda. "Wifi! Mbona Kingi ni mpishi? Na sisi Ruangwa tumepiga saluti mpaka mjomba kateguka bega!"

Kicheko kikaanza kwa ndugu wale tisa, kikasambaa kiwanjani. Mwavuli ulikuwa karibu. Angeweza kusema kichwa kinamwuma, akaufungua, akaenda zake, na jina lake la ualimu likabaki safi. La Eustakio lingebaki daftarini na neno la nyapara pembeni.

"Kwa nini hakuacha?" Teodosia alimwuliza Mwanne polepole.

"Aache? Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kufika! Kazini, alisema, akikosea tarakimu moja wanamwita ofisini. Hapa akikosea mguu watu wanacheka, na yeye anacheka kutuzidi sote. Mume wako alikuwa na kicheko, Mwalimu, mpaka anakaa chini."

Teodosia aliishi na mtu yule miaka kumi na moja, na hakuwahi kumwona akicheka mpaka akae chini. Jambo hilo lilimchoma kuliko kicheko cha Ruangwa chote.

"Nipe ngata," alisema.

Mwanne akavua mtandio, akausokota. Halfani akanyanyua debe, akamtwika. Saburi akapiga ngoma, matarumbeta yakaitikia, safu ikaondoka.

Teodosia alikuwa na hakika kwamba kutembea anajua. Hatua ya tatu tu alikuwa peke yake. Wenzake kushoto, yeye kulia. Alipojirekebisha, wao nao walikuwa wameshabadilisha. Maji yakamwagika mabegani, utepe wa dhahabu ukaanza kuchuja rangi kifuani.

"Kushoto, Mwalimu!" alipiga kelele Isihaka, tarumbeta likiwa limemtoka mdomoni. "Mkono wa chaki ni wa kulia! Wa pili! Wa pili!"

"Eustakio karudi!" akasema mtu pembeni, na kiwanja kizima kikapokea, "Eustakio karudi!" huku watu wakipiga makofi. Teodosia alitaka kukasirika. Lakini debe lilimlazimu kuweka shingo sawa, na mtu hawezi kukasirika vizuri shingo ikiwa imekazwa namna ile. Pale penye kona ya mwisho kicheko kikamtoka, akamalizia mzunguko akilia na kucheka, maji ya debe yakimsaidia kuficha ni yapi ya nini.

Alimpigia Saturnini saluti, kwa mkono usiofaa. Saturnini akaipokea kwa uzito wote wa vizibo vyake, kisha akamletea daftari.

"Andika wewe. Aliyekuwa akituandikia ni yeye."

Teodosia akafunua. Kila Jumapili ilikuwepo, kwa mwandiko anaoufahamu, Kingi juu, Kwini, Jenerali, wote kwa vyeo vyao, na chini kabisa: Kuruta Eustakio, yupo. Kurasa kwa kurasa. Akachukua kalamu, akaandika: ametoka kwa heshima. Herufi zilisimama wima.

"Sasa maji," alisema Jenerali Saburi. "Koo limekauka!"

Debe lilikuwa limebakiwa na nusu ya maji. Teodosia alichota akaanza kugawa kama inavyotakiwa, Kingi kwanza, kisha Kwini, akishuka safu kwa cheo. Valentina, aliyekuwa amecheka mpaka akakaukiwa, alijipenyeza na kunyoosha mkono.

"Wifi, nami nipe."

"Panga mstari," alisema Teodosia. "Raia wanakunywa mwisho."