Kibuyu cha Kabati la Tatu

Hebu mwone Nélida Basualdo akija Jumatatu asubuhi, chupa ya maji moto kwapani, funguo za makumbusho mkononi. Huku kwetu Mataderos, magharibi ya Buenos Aires, makumbusho yetu madogo hufungwa Jumatatu. Yeye huja hivyohivyo, mwaka wa kumi na tisa sasa, na anachokuja kufanya kinaweza kumfukuzisha kazi.

Hufungua kabati la tatu, akatoa kibuyu cha mchunga ng'ombe wa zamani, akakijaza majani ya yerba, chai ya huku kwetu, akamimina maji, akanywa kwa mrija. Si uroho, jamani. Kibuyu kisipoonja maji hukauka kikapasuka. Hilo linajulikana kila nyumba. Kabatini viliingia vitano. Vinne ni vipande.

Jumatatu hiyo kengele ikalia. Nélida akamwaga majani, akafuta kibuyu kwa aproni, akakirudisha mbiombio. Mlangoni alisimama mkaguzi wa makumbusho, msichana aitwaye Rocío Lanfranco, daftari mkononi na glavu nyeupe.

"Samahani mama, najua mmefunga. Ndiyo maana nimekuja leo."

"Pita, binti. Utapokewa na vumbi tu."

Kabati la kwanza. La pili. Nélida nyuma yake. Kwenye la tatu Rocío alikishika kibuyu. Akavua glavu, akakigusa tena.

"Mama Nélida, hiki kina joto."

"Jua la dirishani hilo."

"Mawingu yametanda tangu jana, mama. Na jua halinuki yerba."

Nélida alibakiza miaka miwili tu astaafu.

"Vitazame hivyo vinne," alisema polepole. "Hivyo ndivyo vilivyotunzwa kwa kanuni."

"Nikiandika, kesho huna kazi. Nisipoandika na wakajua, sina mimi."

"Kwenu hakuna kibuyu?"

"Cha bibi. Alipofariki, mama alikiweka juu ya kabati."

"Kikoje sasa?"

Rocío aliviangalia vile vipande.

Nélida akakichukua kibuyu taratibu, akakijaza, akanywa cha kwanza mwenyewe kama ilivyo ada ya anayemimina. Akajaza tena, akamnyooshea. Huku kwetu, ukipokea umekuwa mmoja wetu. Ukikataa, nawe umeshasema neno.

Daftari li wazi, kalamu i mkononi, mvuke unapanda kati yao. Ungekuwa wewe, msomaji wangu, ungeandika au ungepokea?