Dada Aliyeshika Viatu

Miaka ile mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa, kila mtu ofisini kwetu Temeke aligundua ghafla kwamba anapenda sana kusoma. Mimi nilikuwa katibu muhtasi wa meneja, kazi ya kupiga taipu na kujua siri kabla ya wenyewe, na nilikuwa nimeshachapa barua za kutosha kujua kuwa watu watapunguzwa. Kwa hiyo tangazo la chuo cha biashara lilipotoka gazetini, masomo ya mwaka mmoja na ada wanalipa wafadhili, niliomba. Waliomba pia afisa mauzo wetu na mkuu wa bohari. Kila mmoja alimficha mwenzake, na wote wawili walinipa mimi niwapigie taipu maombi yao.

Tulijiandaa kwa namna tuliyofundishwa shuleni, yaani kukariri. Mimi nilimeza maana ya menejimenti, kazi za meneja, na tofauti ya mahitaji na ugavi, hata nikawa nazitamka huku nafua. Siku ya usaili tukakutana watatu kwenye benchi la nje, tukashangaana kwa adabu. Kumbe mle ndani hakuna aliyetaka maana ya kitu chochote. Wasaili walikuwa mzee mmoja mwenyekiti, mama mwalimu wa chuo, na Mzungu aliyeletwa na wafadhili pamoja na maswali yake. Maswali yenyewe yalikuwa ya mtindo mpya. Usiseme ungefanya nini, sema ulifanya nini. Tueleze siku ulipowaongoza wenzako kwenye shida. Mambo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Nayaeleza kwa Kiswahili, maana aibu zangu nyingine zinatosha.

Mimi nimelelewa kwa msemo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sasa watu wazima watatu walikuwa wamekaa wananisubiri nijitembeze. Nikatafuta kichwani siku niliyowahi kuongoza watu. Haikuwepo. Nikakumbuka lori.

Nikaanza kueleza kwamba siku moja tulikuwa tunampeleka marehemu mlinzi wetu kuzikwa kwao Chanika, kwa lori la ofisi. Yule mama akaweka kalamu chini.

"Na mlipoipita Pugu, lori likakwama?" akauliza.

Nikakiri kwamba lilikwama. Mwenyekiti akavua miwani. Kumbe afisa mauzo alikuwa ameshalikwamua lori lile saa tatu asubuhi, na mkuu wa bohari amelikwamua tena saa nne. Mzungu alipekua karatasi zake, akasoma kitu, kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama mimi ndiye dada aliyeshika viatu.

Ndiye mimi. Vilikuwa viatu vya mchuchumio, vyekundu, vimetoka Dubai. Vitu vya nje ndiyo vilikuwa vimeanza kujaa madukani, na sisi tulivaa chochote popote, mimi nikavaa vile mpaka msibani. Lori lilipozama kwenye tope nilivivua, nikavishika juu, nikasimama hivyo mpaka mwisho.

Ningeweza kuongopa, lakini nafasi za uongozi katika lori lile zilikuwa zimeshajaa. Basi nikasema ukweli, kwa kukosa njia nyingine. Nikawaeleza jinsi afisa mauzo alivyoamuru lisukumwe mbele, mkuu wa bohari akaamuru nyuma, na dereva akakanyaga mafuta akatupaka tope sote bila ubaguzi. Jua lilikuwa linateremka, kaburi limeshachimbwa, na wafiwa wanasubiri. Nyuma kabisa alikaa kimya Mama Chai, yule mama mtu mzima aliyetupikia chai ofisini, mzaliwa wa huko huko Chanika. Alishuka, akapandisha kanga yake magotini, akauliza, "Jamani, nyie mmekuja kuzika mtu au kuzika lori?"

Akawaambia wamteremshe marehemu, wabebe jeneza mabegani, kwani kwa njia ya mashamba ya mihogo si mbali. Akaenda kupiga hodi nyumba ya jirani, akaomba vijana wa kupokezana. Kabla ya magharibi marehemu alikuwa ameshazikwa. Lori lilitolewa kesho yake kwa trekta la watu.

Mzungu aliandika sana. Mama mwalimu akaniuliza jina la mama huyo. Nikasema sote tunamwita Mama Chai. Akataka jina lake hasa. Sikulijua. Miaka sita alikuwa ananiwekea kikombe mezani, na haikuwahi kunipitia kichwani kwamba ana jina jingine. Kisha likaja swali la mwisho, nalo kwa mtindo ule ule: baada ya siku ile, wewe ulimfanyia nini?

Hapo ndipo nilipojitembeza.

"Nilimwandikia meneja barua," nikasema, "nikapendekeza awe msimamizi wa wahudumu."

Ilitoka laini, hata mwenyewe niliiamini. Wote watatu walitabasamu. Njiani nikajiapiza kwamba Jumatatu, kabla sijagusa kazi nyingine, nitaiandika barua hiyo, ili niwe sikuongopa, nimetanguliza tu maneno. Jumatatu kulikuwa na kazi nyingi. Jumanne pia.

Mwezi haukuisha nikapata nafasi. Nilifurahi, sitajifanya. Wenzangu wawili walikosa, wakaninunia. Wiki ile ile meneja akanipa orodha ya watakaopunguzwa, kurasa mbili za mwandiko wake, akanionya kwamba ni siri. Nikaisoma kwanza kutafuta jina langu, kisha majina ya rafiki zangu. Hayakuwepo. Mengi sikuyatambua, nikadhani ni watu wa matawi ya mikoani, nikachapa kwa moyo mwepesi. Nikiwa katikati, Mama Chai akaingia na chai, na andazi la pili la kunipongeza. Nikamwamkia, nikafunika karatasi kwa jalada, maana siri ni siri. Akaniambia, "Kasome, mwanangu, usome na fungu letu sie tusiosoma."

Barua zilipogawiwa alikuja na ya kwake, ya Kiingereza, anataka nimsomee. Nikatazama jina juu ya bahasha. Nililikumbuka vizuri sana. Nilikuwa nimelikosea herufi moja, nikafuta kwa wino mweupe na kulichapa upya.

"Hili ndilo jina lako?" nikamuuliza.

"Ndilo. Kwani wewe hulijui?"

Nikamsomea. Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia, nikaona haya kulia mbele ya mwenye msiba wake. Akakunja barua, akasema, "Wewe ndiye unayejua kuandika. Hebu niandikie kwa bosi, aniache japo mpaka mwisho wa mwaka."

Niliandika. Nilitia yote, tope na jeneza na vijana wa kupokezana, na mwishoni nikapendekeza awe msimamizi wa wahudumu. Haikunichukua hata robo saa. Meneja aliisoma mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, kisha akanieleza kwamba orodha imeshakwenda wizarani na imesharudi na muhuri.

"Barua nzuri hii," akasema. "Ingekuja mwezi uliopita ningekuwa na la kufanya."

Nilimkuta Mama Chai ananisubiri koridoni. Nikamwambia bosi ataifikiria. Akanishukuru, akaniuliza kama nimeshakunywa chai.