Chale za Baba kwenye Picha ya Shule

Baba yetu hakuvua shati mbele yetu hata siku moja. Lodwar joto linaua, wanaume wa mtaa mzima vifua wazi, yeye na mikono mirefu mpaka kaburini. Na alitupiga! Mkono wa kushoto wa kaka yangu umepinda mpaka leo kwa rungu la baba, kisa mbuzi mmoja aliyepotea. Mimi nilimchukia waziwazi. Kaka, ajabu ya Mungu, alimwabudu.

Mwaka 2012, baba akiwa ameshazikwa, shule aliyosoma ilisafisha stoo, na picha moja ya zamani ikatufikia. Nyeusi na nyeupe: wavulana kumi na mmoja, vifua wazi, watatu wa mbele wameshika vibao vya kuandikia. Baba yuko pembeni, ndevu zinachipua. Enzi hizo watu waliingia darasa la kwanza wakiwa wakubwa hivyo. Kwenye bega lake la kulia kuna safu za chale.

Kwetu, zamani, chale hizo hazikuwa pambo. Mwanamume aliyeua adui alichanjwa: bega la kulia kama ameua mwanamume, la kushoto kama ameua mwanamke. Kaka alilia kwa furaha. Akaipeleka picha studio ikakuzwa, akaitundika ukutani kwa mama. Mgeni hata hajamaliza kutusalimu ejok, ameshavutwa kuonyeshwa bega la shujaa.

Mwaka uliofuata wezi wa mifugo walivamia upande wa Kapedo, wakampiga binamu yetu risasi ya tumbo. Alikufa akishikilia matumbo yake kwa mikono. Habari ilinikuta Kakuma, ninakofundisha darasa la kwanza. Nilipofika Lodwar nilimkuta kaka chini ya ile picha, anaipaka bunduki mafuta.

"Damu ya baba ninayo," akaniambia. "Kesho naenda kuua kama yeye."

Ana watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya. Sikutaka kumzika kaka yangu, wala sikutaka arudi muuaji.

Nilikaa nikaikodolea macho picha ile kwa hasira. Ndipo nikaviona vibao. Kimoja kimeandikwa LODWAR, lakini kinyume, kama linavyoonekana kwenye kioo. Nikacheka kidogo, maana watoto wangu Kakuma huandika hivyo kila siku. Lakini cha pili nacho kinyume. Na cha tatu! Wee, watoto watatu hawawezi kukosea sawasawa hivyo. Aliyeichapa picha enzi hizo ndiye aliyeigeuza, kushoto ikawa kulia.

"Chale ziko bega la kushoto," nikamwambia kaka. "Picha imegeuzwa. Soma vibao."

Alivisoma kimoja kimoja. Kisha kitako cha bunduki kikatua mdomoni mwangu. Nilianguka, jino likiwa juu ya ulimi. Akanipiga teke la mbavu, akaongeza jingine.

"Mwongo! Ulimchukia!"

"Nilimchukia, ndiyo! Na bado ni la kushoto!"

Mama akaingia kutoka jikoni, akaniruka pale chini, akaishusha picha ukutani.

"Mimi nimemwogesha huyu miaka mingi," alisema. "Ni la kushoto."

Kaka akamgeukia. "Mbona ulinyamaza mwaka mzima, mama?"

"Ulikuwa umepata baba wa kujivunia. Ningekunyang'anya vipi?" Alifuta kioo kwa leso yake. "Aliyeuawa alikuwa msichana, anachota maji kwenye shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa mto. Akainua kichwa, akadhani baba yenu ni wa kwao, akamsalimia."

Kaka aliiweka bunduki sakafuni, akakaa karibu na damu yangu.

"Baba akafanya nini?"

"Akamwitikia," mama akasema. "Ndipo akamchoma mkuki."