Kiti cha Kushoto

Katika mji wetu, boneti ya gari lako ikishafunguliwa gereji, usiende kunywa chai. Simama hapo hapo. Haja ndogo ikikubana, ivumilie. Nimeona watu wenye shahada zao wakiacha gari kwa fundi asubuhi, linakohoa kidogo tu, wakalikuta jioni limepona kikohozi lakini lina betri ya mtu mwingine. Ndiyo maana betri yangu nimeitia alama ya rangi ya kucha, nyekundu, chini kabisa ambako mwizi hatazami. Redieta vilevile. Na kifaa cha zamani kikitolewa, dai upewe mkononi hata kama kimeoza, kwa sababu hapa Goma kifaa kilichooza hakilali jalalani. Kesho kinasuguliwa kwa msasa, kinapakwa mafuta, na unauziwa wewe mwenyewe kama kipya.

Mimi ni mtu wa kushuku na siombi radhi. Ugonjwa huu niliurithi kwa baba, ambaye aliendesha malori ya kwenda Rutshuru na Butembo tangu mimi sijazaliwa mpaka goti likamshinda. Mama alipofariki alihamia kwangu na sanduku moja la nguo na moja la spana. Hiyo sheria ya chai ni yake. Aliniambia pia nisinunue petroli ya chupa kando ya barabara kama muuzaji ameiweka juani, maana anataka ing'ae usione maji yaliyomo, na nisinunue tairi kuukuu iliyopakwa rangi nyeusi, kwa kuwa hakuna anayempaka poda bibi kizee bila sababu. Nilipokuwa mdogo neno lake la kila siku lilikuwa "mwenye macho haambiwi tazama." Alilitumia kwa mafundi, kwa makuli na kwa sisi watoto tulipokanyaga bakuli lake la grisi.

Gari langu ni la Kijapani, la zamani, refu nyuma, na usukani wake uko kulia. Kwetu tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Maana yake dereva anakaa kando ya mtaro, na ukiwa nyuma ya lori huoni kitu mbele ila matope ya lori lenyewe. Anayeona ni yule aliyekaa kiti cha kushoto. Kwa hiyo kiti hicho kwetu si cha starehe, ni kazi. Unatoa pua ya gari kidogo, unauliza, "Ninapita?" naye anachungulia, anakujibu "Bado" au "Pita." Akisema pita, unakanyaga mafuta, na roho yako na za wote waliomo ziko kinywani mwake.

Kiti hicho sikumpa kila mtu. Dada yangu alisema pita huku anaangalia simu, nikamkataza. Mama mmoja wa kwaya yetu aliniambia, "Pita kwa jina la Yesu." Nilimshusha njiani, Kanyaruchinya, akapanda pikipiki, na mpaka leo hatuimbi safu moja. Niliyemwamini alikuwa baba peke yake. Gari hilo ndilo linalotulisha: linapanda mlima mpaka Kibumba kuchukua kabichi na viazi ninavyouza mjini, na siku za shule wanangu wawili wanakaa kiti chake cha nyuma, wanapigania dirisha. Likianguka, tumeanguka sote.

Sasa, dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu niliyaona mapema. Kwanza baba alianza kukataa kioo chake kifungwe. Vumbi letu mnalijua, lile jeusi la mawe ya volkano, linaloingia mpaka kwenye meno. Nilimwambia afunge, akasema anasikiliza motere, yaani injini. Akanizimia redio. Wanangu wakianza kelele nyuma, aliwanyamazisha kwa ukali ambao sikuuzoea. Nikajiuliza, anasikiliza nini katika gari langu ambacho mimi sikisikii?

Kisha akaacha kutazama kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Zamani alikiinua juu kwenye mwanga kama daktari na sindano. Sasa alikisugua kati ya vidole viwili, akanusa, akasema, "Yamechoka." Tairi alizikagua kwa kidole gumba, polepole, mzunguko mzima. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba macho yanadanganya, fundi akipaka rangi jicho linaamini, kidole hakiamini. Niliona ni busara kubwa. Niliwafundisha hata wenzangu sokoni wenye magari, nao wakawa wananusa mafuta yao mbele ya mafundi na kukunja nyuso.

Lililoniharibia usingizi lilitokea gereji. Fundi wetu ni kijana mpole, anamheshimu baba mno, na upole wa fundi mimi siupendi. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku hiyo niliivunja sheria: nilitoka kidogo kwenda kuongea na simu barabarani, maana kelele za nyundo zilizidi. Niliporudi, niliwakuta wameinamiana nyuma ya boneti, fundi anasema kwa sauti ya chini:

"Muzee, umuambie tu. Siku moja hii kitu itaua mutu."

"Nyamaza. Nitamuambia mwenyewe."

Niliuliza, "Munasema nini?"

"Hakuna kitu, mama," baba akanijibu. Kwetu baba humwita binti yake mama anapompenda, na pia anapotaka kumfunga mdomo. "Tuko tunaongelea mafuta."

Mafuta gani yanayoua mtu? Njia nzima ya kurudi nyumbani nililiwaza neno hilo. Nikaamua ni breki. Fundi ameniwekea pedi za kughushi, baba amegundua, na kwa sababu anampenda kijana yule anamfichia mpaka azibadilishe kimyakimya. Kesho yake nikalitazama gari kipande kwa kipande. Rangi ya kucha ilikuwa mahali pake. Nikalipeleka kwa fundi mwingine, mtaa wa Katindo, bila kumwambia baba. Alifungua magurudumu yote mbele yangu, mimi nimesimama kama askari wa zamu, akasema breki ni nzima. Alipoona sikufurahi, akaongeza kwamba labda springi za nyuma zibadilishwe. Yeye naye nikamwandika katika moyo wangu.

Kwa hiyo breki ni nzima, na kuna kitu kinaweza kuua mtu, na baba anakijua. Kwa majuma kadhaa niliendesha huku namtazama kwa pembe ya jicho. Alikaa wima kushoto kwangu, kioo wazi, kichwa amekigeuza kidogo nje, vumbi limempaka nyusi. Nikiuliza ninapita, alikaa muda mrefu kabla ya kujibu. "Bado" zilikuwa nyingi. Wakati mwingine niliona gari la mwisho limepita zamani, naye bado anasema bado. Nikaanza kudhani ananichelewesha makusudi, eti nisikimbie, kwa sababu anajua kile kitu kiko karibu kukatika.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko, asubuhi, hakuna mvua. Watoto nilikuwa nimewashusha shuleni. Tulipita Kanyaruchinya tukaanza kupanda kuelekea Kibumba, na mbele yetu likatokea lori la kreti za vinywaji, linapanda kwa taabu, linatutemea moshi mweusi usoni. Nilikaa nyuma yake mpaka koo likawasha. Nikatoa pua kidogo.

"Papa, ninapita?"

Akageuza sikio nje. Akakaa.

"Pita, mama."

Nikakanyaga mafuta. Nilipofika usawa wa magurudumu ya nyuma ya lori niliona chukudu inakuja mbele yangu, upande wake halali, inashuka mlima. Asiyejua chukudu ajue kwamba ni gari la mbao la magurudumu mawili, mwenyewe husimama juu yake akishuka na mzigo, na kwenye mteremko ule linaruka kama jiwe. Hii ilikuwa na kabichi zilizopangwa kumpita mwenyewe urefu. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Breki nilizozishuku zikashika. Mtu wa chukudu akapinda kulia, akaingia mtaroni kwenye mawe, kabichi zikatawanyika barabara nzima.

Alisimama mwenyewe, namshukuru Mungu. Goti lilichubuka na suruali ilipasuka. Alikuja mpaka dirishani kwangu.

"Munatembeaka na macho ya kuazima?"

Niligeuka kushoto. Baba alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, anatazama mbele, mahali ambapo hakukuwa na kitu.

"Papa, haukuiona?"

"Haina motere."

"Nimekuuliza kama uliiona."

"Mama, haina motere," akasema. "Sikuisikia."

Ilinichukua muda neno lile kuingia. Lilipoingia nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika na fundi yeyote. Nilimpigia baba yangu kelele mbele ya watu waliokuwa wanaokota kabichi, na sikuona haya.

"Tangu lini?"

"Jicho ya kushoto njo ilianza. Ya kuume ikafuata."

"Na batoto bangu, papa? Ulikuwa unabapitisha na masikio?"

"Na masikio. Motere zote ninazijua."

"Kwa nini haukuniambia?"

Hapo akageuza sikio nje, kama anaposubiri lori lipite.

"Ungeniacha ku nyumba," akasema.

Na ni kweli, ningemwacha. Tangu siku aliposhuka kwenye lori lake la mwisho, mahali pekee duniani ambapo mtu alimuuliza kitu na kufuata jibu lake palikuwa pale kushoto kwangu. Fundi alikuwa amelijua zamani, siku alipompa baba kopo la mafuta asome, naye akalishika juu chini. Mimi niliyekuwa natia rangi ya kucha kwenye redieta sikuliona. Nilikuwa nikisifu kidole gumba.

Tulimsaidia mtu wa chukudu kupanga mzigo wake upya. Kabichi zilizopasuka nilizichukua mimi kwa bei ya nzima. Kibumba tulifika, nikapakia viazi vyangu bila kubishana na mtu, jambo ambalo wauzaji walilishuku sana.

Wakati wa kurudi nilimwona baba anapapasa ubavu wa gari. Mkono ulipita mlango wa mbele, ukaendelea, ukafika wa nyuma. Akaufungua, akasogeza gunia la viazi kwa bega, akakaa. Nilitaka kumwambia aje mbele, hasira ikanizuia. Kile kiti cha kushoto nikakijaza kabichi zilizopasuka. Tulipoanza kushuka nikasikia kioo cha nyuma kinapanda, polepole, mpaka juu. Miezi yote ile nilimsihi afunge kioo, na sasa amefunga mwenyewe.

Chini kidogo tukakuta lori jingine, la makaa. Nikajongea, nikatoa pua.

"Ninapita?" nikauliza, kwa mazoea, na nilikuwa naziuliza kabichi.

Nyuma kimya. Nikarudi nyuma ya lori. Magari haya ya Kijapani yana uungwana mmoja: kwenye mlango wa dereva kuna vitufe vya vioo vyote. Nikabonyeza cha nyuma kushoto. Kioo kikashuka, vumbi likaingia, makaa yakatunukia puani. Baba hakuuliza ni nani amefungua.

"Bado," akasema.

Sikuwa nimemuuliza. Punde basi likapita upande wa pili kwa kasi, limejaa watu mpaka mlangoni, upepo wake ukalitikisa gari letu. Nilikuwa bado namkasirikia, na wakati huohuo nilitaka kusimamisha gari nimshike mkono. Sikusimamisha. Nilikaa nyuma ya lori la makaa na sikujaribu tena kulipita.

"Kesho tunaenda ku hopitali, kwa munganga ya macho," nikamwambia kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

Alifikiri mpaka tukakaribia Kanyaruchinya. Nilimwona kwenye kioo, kichwa kimegeuka dirishani, kama kawaida yake.

"Ni mutu wa kuamini?"

"Sijui, papa. Simujui."

"Basi wakifungua," akasema, "usiende kunywa chai."

"Nitasimama hapo hapo," nikamwambia.